Mizani Nayo Ipimwe



Mwaka 1928, huko Illinois, Marekani, mwanazuoni Ernest Burgess alichunguza kumbukumbu za wafungwa 3,000 walioachiliwa kwa masharti, akatumia vigezo 21 kubashiri nani angeyavunja. Siku hizi kompyuta ndiyo itoayo alama hizo.

Je, mizani hiyo hupimwaje? Aliyeachiliwa akakosa tena, kosa la mizani huonekana. Bali aliyenyimwa uhuru, naye asingekosa, hana njia ya kuthibitisha. Ukuta wa gereza umemfichia ushahidi.

Mwaka 2016, waandishi wa ProPublica walichunguza alama walizopewa watuhumiwa katika kaunti ya Broward, Florida. Kati ya wasiorudia makosa, walioitwa hatari walikuwa watu weusi takriban 45 katika kila 100, weupe, 23. Wenye programu walijitetea kwamba usahihi wa alama ulikuwa sawa kwa wote. Lakini mzigo wa makosa haukuwa sawa.

Kwa hiyo, haki yadai mambo matatu: mfungwa aione alama yake, aruhusiwe kuipinga, na makosa ya pande zote mbili yatangazwe. Mizani mbovu sokoni hupunja kibaba. Gerezani hupunja miaka ya mtu.