Kuunga Udugu Pale Mawasiliano Yanapokatwa

(Nasaha kwa Waislamu wa Kileo)



Shukurani zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na Maswahaba zake.

Katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa, Allah (SW) ameambatanisha kumcha Yeye na kuchunga jamaa. Kuunga udugu ni wajibu, nasi hatuwezi kumuunga ambaye hatujui kama yu hai. Basi anayewakatia raia mawasiliano wakati wa vita huwanyima haki yao na kuwazuia kutekeleza wajibu wao.

Tuitazame Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Vita vilipoanza Novemba 4, 2020, simu na intaneti zilikatwa, na mamilioni ya watu wakatengwa na jamaa zao. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ilibaki gizani hadi baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Pretoria, Novemba 2, 2022. Mtoto aliyekuwa ughaibuni hakujua amwombee mama yake afya au maghufira.

Ardhi hiyo si ngeni kwetu. Ndani yake umo mji wa Negash, unaonasibishwa na Maswahaba waliohamia Habasha chini ya hifadhi ya Mfalme Najashi. Vitabu vya sira vinasimulia kuwa baadhi yao walirejea baada ya kusikia kwamba Maquraishi wamesilimu. Walipoikaribia Makka walikuta ni uvumi. Hapo pana mazingatio: zinapokosekana habari za kweli, uvumi hutawala, na huweza kuwarudisha watu kwenye hatari waliyoikimbia.

Gaza ilizimiwa simu na intaneti Oktoba 27, 2023. Sudan ikafuatia Februari 2024. Nasi Watanzania, japo hatukuwa vitani, tulionja uchungu huo intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025.

Qur'an haikuihesabu hofu ya mzazi kuwa udhaifu. Mama yake Musa (AS) alimtuma binti yake afuatilie khabari za mtoto. Nabii Yaaqub (AS) alihuzunika hadi akapoteza nuru ya macho, kisha akawaamrisha wanawe waende wakatafute. Kwa hiyo, tusimwambie aliyepotelewa na jamaa "subiri" tukaishia hapo.

Tufanye nini? Kwanza, tusieneze habari ya kifo kabla ya kuihakiki, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6. Pili, kila familia iandike namba na anuani za jamaa kwenye karatasi. Tatu, tuwaelekeze wenye kutafuta ndugu kwenye huduma ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, wanaofikisha salamu za familia palipo na vita. Nne, tuseme kwa hekima mbele ya kila mwenye mamlaka kwamba kumnyima mzazi khabari za mwanawe ni dhulma.

Allah (SW) awakutanishe waliotenganishwa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.