Gari Iliyoshuka na Ekseli ya Mbele

(Maneno ya hotuba kwa madereva na mafundi wa Kitui na Makueni)



Leo nasema juu ya jambo moja: namna ya kujua ni kitu gani kimelika mbele ya gari iliyoshuka, kabla ya kununua spea. Jambo hili lahusu mshahara wa dereva na roho za abiria.

Magari yaliyoshuka ni ya namna mbili. Yako yaliyokatwa springi kusudi ili yaonekane maridadi. Yako pia yaliyoshuka yenyewe kwa kazi, na haya mnayajua zaidi. Toyota Probox ilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa kazi ya biashara ndogo. Huku kwetu hupakiwa watu kupita viti vyake, na magunia ya pojo na maembe, kisha hupitishwa barabara za murram zenye matuta kama bati. Springi huchoka.

Gari ikishuka sana mbele, mkono wa chini huinuka upande wa gurudumu, na gurudumu hulala, kichwa chake kikielekea ndani. Tairi huliwa ukingo wa ndani. Shafti nayo huzunguka ikiwa imepinda kuliko kawaida. Mpira unaofunika jointi hupasuka, grisi hutoka, vumbi huingia. Kwa hiyo ukibadili jointi peke yake na kuacha springi iliyochoka, jointi mpya itafuata ile ya zamani.

Basi fuateni utaratibu huu.

Kwanza, pimeni kimo. Egesha gari mahali sawa, bila mzigo, upime toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Tofauti kubwa yaonyesha springi iliyochoka au kuvunjika.

Pili, endesheni kabla ya kutia jeki, maana gurudumu likining'inia, pembe ya shafti si ile ya barabarani. Sikilizeni. Ikilia ka-ka-ka unapokata kona kali, shuku jointi ya nje. Ikitetemeka unapokanyaga mafuta, na kutulia unapoachia, shuku jointi ya ndani. Mvumo unaozidi kwa mwendo, na kubadilika gari inapoelekea upande mmoja, mara nyingi ni beringi. Mgongo wa kugonga katika mashimo waweza kuwa bushi, bolijointi au shokabzoba.

Tatu, inueni gari kwa jeki, mtie na stendi imara. Jeki pekee haiaminiki. Shikeni tairi juu na chini, mtikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Kucheza kukiisha, ni beringi. Kukibaki, tazameni bolijointi. Kisha shikeni kulia na kushoto: likicheza hapo, angalieni tairodi na mashine ya usukani.

Nne, mwishowe, tengenezeni kimo, ndipo mbadili kilicholika na kulinganisha magurudumu. Kulinganisha kabla ya hapo ni kupoteza fedha.

Ndugu, bolijointi si jambo la kungojea. Ikichomoka, gurudumu hulala na usukani haufanyi kazi tena. Katika barabara ya Kitui kwenda Kibwezi, au mteremko wo wote wa vilima vya Mbooni, hapana nafasi ya kujuta.

Sasa, nani alipe? Wako wenye magari wanaomkata dereva kila spea inapolika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Springi iliyochoka kwa kazi si kosa la makusudi. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mfanyakazi kutoa habari ya hatari iliyo karibu, na yamzuia mwajiri kumrudisha kazini kabla haijaondolewa.

Kwa hiyo dereva aandike siku, kimo alichopima na sauti aliyosikia, ampe mwenye gari nakala, abaki na nyingine. Fundi naye aandike alichokiona, si alichokisia. Mwenye gari akikataa kutengeneza, karatasi hiyo itawasemea wote wawili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.