Jaji wa Meru au Embu analetwa na nani?

Wadau, mjadala ukipamba moto stejini Makutano lazima mtu aseme, "Rais ametuletea jaji wake." Si hivyo. JSC inapendekeza majina, Rais anateua. Majina 41 yalipendekezwa 2019, walioapishwa Juni 2021 ni 34. Lakini kituo, iwe Meru, Embu ama Chuka, anapanga Jaji Mkuu. Gavana hana sauti kabisa.

Mimi hunisumbua zaidi jaji akihamishwa kesi ikiwa katikati. Kesi ya shamba, jaji mpya anaweza kuendelea na ushahidi ulioandikwa, hata kama hakumwona yule mzee akionyesha mpaka. (Mzee mwenyewe huenda ashazikwa.) Jinai ni tofauti: kifungu cha 200 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinampa mshtakiwa haki ya kudai mashahidi waitwe tena, na lazima aambiwe. Wengine wanaambiwa, wanajibu "tuendelee tu" juu wamechoka na nauli.

Kama mlimaliza kutoa ushahidi, mara nyingi jaji aliyehama huandika hukumu akiwa kituo kipya. Enda masjala, uliza faili yako iko wapi.