Jaribu Kabla ya Kulipa: Laptopu ya Mtumba na Mfumo wa Linux

Mazungumzo kwa wakazi wa Lodwar na Kakuma



Laptopu nyingi zinazoingia Turkana ni za mtumba. Hupakiwa kwenye basi la usiku, na mnunuzi huiona mashine yake kwa mara ya kwanza akiwa ameshatuma pesa kwa simu. Nyingi huja na Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo hukataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hivi. Mwanafunzi anayejaza maombi ya chuo, au kijana wa Kakuma anayetafuta kazi za mtandaoni, hawezi kutupa mashine nzima eti programu imezeeka.

Ndiyo maana watu wanageukia Linux, mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake maarufu, ulizinduliwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Haulipiwi, na kuunakili si wizi. Linux Mint ni faili la karibu GB 3; mtu mmjoa akishalipakua, wenzake kumi wananakili kwa flashi bila kutumia bando.

Shida huanza baada ya kuusakinisha. Kioo kinawaka, kibodi inaandika, lakini waifai haionekani. Chipu ya waifai huhitaji draiva, na mara nyingi pia famuwea, yaani programu ndogo ya kuiamsha chipu yenyewe. Baadhi ya watengenezaji hawaruhusu programu hizo zisambazwe kwa uhuru, kwa hiyo mfumo humwambia mwenye mashine azitafute kwenye intaneti. Intaneti ipi, na waifai imelala? Ni kama kuambiwa ufunguo wa nyumba uko ndani ya nyumba.

Hapo ndipo pesa hupotea. Fundi aliyezoea Windows pekee hutazama, akasema kadi imekufa, na mwenye laptopu akauziwa kifaa kingine cha waifai cha kuchomeka pembeni. Mara nyingi kadi ni nzima.

Dawa ya kwanza ni kebo ya kuchajia simu, mradi iwe inapitisha data. Simu ya Android ikiunganishwa na laptopu kwa kebo hiyo, kisha ikawashwa sehemu ya kushiriki intaneti kwa USB, Linux huiona kama mtandao wa waya, na kwa kawaida haihitaji draiva yoyote ya ziada. Bando dogo linatosha kuleta draiva iliyokosekana. Linux Mint hata ina draiva za baadhi ya chipu za Broadcom ndani ya flashi ileile ya kusakinishia, na Debian, tangu toleo la 12 la Juni 2023, huja na famuwea nyingi ndani yake.

Lakini kwanza mtu ajue ana chipu gani. Katika terminali huandikwa lspci -nn, na kila kifaa hujitokeza na namba yake, kama gari na bamba lake. Namba ikianza na 8086, ni Intel, ambayo kwa kawaida haisumbui. Ikianza na 14e4, ni Broadcom, na 10ec ni Realtek. Hizi mbili ndizo za kuulizia mapema. Chipu ambayo haimo katika orodha hiyo huenda imeunganishwa kwa USB, na huonekana kwa lsusb. Ikiwa draiva imesakinishwa na bado haifanyi kazi, Secure Boot huenda inaizuia kwa sababu haina saini inayotambuliwa. Huzimwa katika mipangilio inayofunguka laptopu inapowashwa. Na kabla ya yote hayo, atazame kama laptopu ina kitufe cha kuzima waifai. Wapo waliohangaika siku mbili kwa ajili ya kitufe.

Bora zaidi ni kujaribu kabla ya kulipa. Linux huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya laptopu. Mnunuzi akiwa dukani Lodwar achomeke flashi yake, aunganishe waifai, acheze wimbo asikie spika, afungue kamera, kisha afunge kifuniko na kukifungua aone kama mashine inaamka. Kisoma alama za vidole kikikataa, si ajabu. Vingi havina draiva ya Linux.

Muuzaji akiwa Nairobi, kabla ya pesa kutumwa aombwe picha ya orodha ya vifaa ndani ya Windows, ile sehemu ya mtandao. Jina la chipu litaonekana hapo, na mtu wa Kakuma anaweza kuliulizia akiwa nyumbani. Asiyetaka kupiga picha, pesa zisitumwe kwake.

Joto nalo lisichanganywe na draiva. Laptopu inayozimika ghafla saa nane mchana, feni ikinguruma, huenda imejaa vumbi tu. Ipelekwe ikasafishwe kwanza, kabla mtu hajafuta mfumo wake na nyaraka zake zote.