Kalenda ya Gujarat, Mvua ya Ufipa



Wazee wetu, kina mama, vijana, nanyi majirani zetu wapendwa wa Mollo:

Tumeombwa tuseme machache juu ya majira ya ibada zetu. Sikukuu za Kihindu zilizaliwa Bara Hindi, zikafuata mvua na mavuno ya huko. Wazee wetu walipovuka bahari walibeba kalenda, lakini majira hayabebeki. Gujarat mvua hunyesha Juni hadi Septemba; Ufipa hunyesha Novemba hadi Aprili. Je, maana ya sikukuu hizo imepotea njiani?

Tuanze na Navaratri. Huko, siku hizo tisa huja mvua ikiaga na mashamba yakiwa ya kijani. Hapa nyasi zimekauka na mkulima anatazama anga. Taa tunayoiweka ndani ya chungu chenye matundu ni ile ile, ila huko ni shukrani, hapa ni ombi.

Diwali huangukia usiku usio na mwezi, Oktoba au Novemba, mawingu yakianza kujikusanya. Kesho yake ni mwaka mpya wa Kigujarati. Sisi twafungua daftari jipya la hesabu. Jirani yetu Mfipa avunja ntumba, yale matuta ya duara alimofukia nyasi zioze ziwe mbolea, ili apande. Wote twaanza upya, kila mmoja kwa kitabu chake.

Holi, mwezi Machi, Wagujarati hutupa nafaka na nazi katika moto. Hapa mahindi mabichi ndiyo kwanza yanafaa kuchomwa. Moto umepata chakula chake.

Hata mwezi ni mmoja kwetu sote. Wahindu huongeza mwezi wa kumi na tatu takriban kila miaka mitatu ili sikukuu zisihame majira. Waislamu hawaongezi, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Wakristo nao husubiri mwezi mpevu ndipo wahesabu Jumapili ya Pasaka. Gandhi, mwana wa Gujarat, alizikutanisha sala za dini mbalimbali katika ibada moja. Hakumwondoa mtu katika dini yake.

Sasa tuje kwenye neno lililotuleta. Tarehe 14 Januari ni Makar Sankranti, siku ya kutoa sadaka. Huko India ghala zimejaa, na watoto hurusha tiara. Hapa mvua ni kubwa, tiara hairuki, na ghala la mkulima linakaribia sakafu, kwa maana mahindi mapya hayajakomaa. Sisi wafanyabiashara twajua kwamba Januari bei ya debe hupanda; twajua kwa sababu sisi ndio tunaoiandika. Basi sadaka ya siku hiyo ina uzito zaidi Mollo kuliko Ahmedabad.

Kwa hiyo twapendekeza: kila Sankranti, kila familia yenye uwezo ilete mahindi na maharage katika uwanja wa hekalu, yagawiwe kwa orodha itakayoandaliwa pamoja na viongozi wa kanisa, wa msikiti na wa mtaa, pasipo kumuuliza mtu dini yake.

Wapo miongoni mwetu wanaohofu kwamba lango likifunguliwa utakatifu utapungua. Twaiheshimu hofu hiyo. Puja itabaki puja, na kwa taratibu zake. Lakini watoto wetu wengi wako Dar es Salaam na London, na idadi yetu hapa ni ndogo. Sikukuu isiyojulikana na jirani itazimika siku mzee wa mwisho atakapofumba macho. Ile inayomfikia jirani jikoni mwake, naye atauliza mwakani: Sankranti ni lini?