Kushuka Inchi Moja

Ubavuni mwa tairi la Suzuki Swift Sport ya toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2017 pamechapwa maandishi haya: 195/45R17 81W. Wenye magari wengi huyapita bila kuyatazama, mpaka siku kashata zimekwisha, fundi amechuchumaa kando ya gurudumu, na mwenye gari anaambiwa saizi hiyo haipo dukani ila ipo nyingine inayokaribiana. Hapo ndipo gari zuri linapoanza kuharibiwa.

Na gari lenyewe ni zuri kweli. Lenye gia za mkono lina uzito wa kilo 970 tu, injini ya lita 1.4 yenye turbo, na nguvu za farasi 140. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo hili ndilo toleo linaloshushwa sasa bandarini Mombasa. Tanzania hupokea hata yale yaliyotangulia, kwa kutozwa ushuru wa uchakavu. Anayelinunua amelipenda kwa namna linavyokata kona. Mara nyingi kitu cha kwanza anachotamani kubadilisha ni magurudumu: rimu kubwa zaidi, tairi pana zaidi, ubavu mfupi zaidi.

Zile namba husomeka hivi. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 45 ya 195 ni kama milimita 88. R huonyesha tairi la radia, muundo ambao kampuni ya Michelin iliupatia hataza mwaka 1946. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 81 ni alama ya mzigo, yaani tairi moja lisibebeshwe zaidi ya kilo 462, na W ni kikomo cha mwendo, kilomita 270 kwa saa. Chukua kipenyo cha rimu, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, utapata kimo cha tairi zima: milimita 607. Namba hiyo haikuandikwa popote kwenye tairi, na katika kuchagua saizi mbadala ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Sababu ni kwamba gari halioni barabara, huhesabu mizunguko. Spidomita, kihesabu kilomita, urefu wa gia, vyote vilipangwa na kiwanda kwa tairi la kimo kile. ABS na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke hulinganisha mizunguko ya magurudumu manne kila wakati. Ukiweka mbele tairi la kimo kimoja na nyuma la kimo kingine, kompyuta itadhani gurudumu mojawapo linateleza, kumbe barabara ni kavu.

Sasa tulitazame lile tairi linaloitwa la kukaribiana. Mara nyingi huwa ni 205/55R16, likifungwa pamoja na rimu za inchi 16, kwa sababu hutumiwa na magari mengi ya saluni na hivyo halikosekani rafuni. Kimo chake ni milimita 632, zaidi ya lile la kiwandani kwa asilimia 4. Spidomita ikisoma 100, gari linakwenda 104, na kwa barabara zenye kamera na polisi hilo si jambo dogo. Gia nazo zinakuwa ndefu, kwa hiyo ule wepesi wa kuchomoka, ambao ndio uliofanya gari linunuliwe, unapungua. Bado hujapakia watu wanne ukakata usukani hadi mwisho. Hapo tairi linaweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi. Na gari linapanda juu kwa nusu tu ya tofauti ya vimo, yaani milimita 12.

Upande wa pili wapo wanaopanda hadi inchi 18. Tairi la 215/35R18 lina kimo cha milimita 608, karibu sawasawa na la kiwandani. Spidomita haitadanganya. Lakini ubavu umebaki milimita 75, na ubavu ndio unaoshika hewa, na hewa ndiyo inayopokea kishindo cha shimo. Gari likiingia shimoni kwa mwendo wa kilomita 60, tairi hubanwa kati ya ukingo wa rimu na ukingo wa lami. Nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache uvimbe hujitokeza ubavuni. Tairi lililovimba halizibwi wala halitengenezwi. Linatupwa, hata kama kashata zake bado ni mpya. Rimu nayo ikipinda, usukani huanza kutetemeka. Barabara zetu zina matuta yasiyopakwa rangi na kingo za lami zilizoliwa na mvua. Kuweka inchi 18 kwenye gari la kilo 970 kwa barabara za namna hiyo ni kununua sura na kuuza safari.

Ushauri wa mtoa maoni haya ni kushuka inchi moja. Tairi la 205/50R16 lina kimo cha milimita 611, tofauti isiyofika hata asilimia 1. Ubavu wake ni kama milimita 103, zaidi ya wa kiwandani kwa milimita 15, na hizo 15 utazihisi kwenye kila shimo. Rimu zinazotafutwa ni za inchi 16 zenye upana wa 6.5J, matundu 5 ya nati yaliyo kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati la 60.1 na ofseti ya karibu 50. Kuna sharti moja. Breki za mbele za Sport ni kubwa kuliko za Swift ya kawaida, na si kila rimu ya inchi 16 inazipita. Fundi aifunge rimu tupu kwanza, kabla ya kuivalisha tairi, aizungushe kwa mkono. Ikigusa breki, irudishwe dukani ingali safi.

Wanaoona kushuka ni aibu watazame Wajapani wenyewe walichokifanya. Mazda MX-5 ya kwanza, ya mwaka 1989, ilitoka na tairi la 185/60R14. Matoleo yaliyofuata yalipanuka hadi 205. Ilipofika mwaka 2015 wahandisi wakataka gari lirudi kuwa jepesi, wakarudi pia kwenye 195/50R16 na nati 4 kwa kila gurudumu. Toyota 86 ya mwaka 2012, iliyosimamiwa na mhandisi Tetsuya Tada, ilifungwa Michelin Primacy za 215/45R17, tairi la aina iliyovalishwa Prius pia. Lilikuwa gari la michezo lenye matairi ya gari la kubana mafuta, na hilo lilifanywa kwa makusudi: dereva aonje kona bila kulazimika kukimbia kupita kiasi. Hawa walikuwa na uwezo wa kuweka tairi lolote walilotaka.

Imani kwamba upana ndio mshiko ina ukweli nusu. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hutegemea zaidi uzito uliowekwa juu yake na presha iliyo ndani. Gurudumu lililobeba kilo 250 kwa presha ya kama PSI 35 linagusa lami kwa eneo la sentimita za mraba 100 hivi, kadiri ya kiganja cha mkono. Kuongeza upana hubadilisha umbo la eneo hilo, likawa pana na fupi. Kwenye kona kavu hilo husaidia. Masika yakinyesha na maji yakituama barabarani, tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, na gari jepesi ndilo linaloelea mapema. Kwa hiyo pesa ya ziada iende kwenye ubora wa mpira kabla ya kwenda kwenye upana.

Ubora huo utaujuaje? Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na kile cha Sameer mjini Nairobi, kilichotengeneza Yana, kilifungwa mwaka 2016. Rafu zimejaa majina ya nje ambayo mengine hayajawahi kusikika. Tairi lenyewe lakini husema mengi. Tafuta maandishi TREADWEAR na namba inayofuata: ya 200 ni mpira laini unaoshika sana na kuisha upesi, ya 500 ni mgumu unaodumu. Kwa Swift Sport inayokwenda kazini kila siku, kati ya 280 na 340 panafaa. Karibu yake kuna TRACTION, daraja la kufunga breki kwenye maji: AA, A, B au C. Chini ya A usinunue.

Kisha tazama tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na jua letu huuharakisha. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka 8 linaweza kuwa na nyufa ndogo ubavuni, na hilo ndilo linalopasuka katikati ya barabara kuu, mchana wa jua kali.

Lipo jambo linalostahili kupigiwa kelele kuliko yote hayo. Magari mengi ya Japani hufika hapa yamevaa matairi ya theluji. Yana kashata nene zenye mikato midogo mingi, neno STUDLESS ubavuni, pengine na alama ya mlima wenye theluji. Mnunuzi huyaona mapya na kushukuru. Mpira wake ulitengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Mombasa au Dar es Salaam hulainika kupita kiasi, kashata hujipinda gari linapokata kona, na breki huchukua umbali mrefu zaidi. Kwa gari la mwendo, yavuliwe wiki ile ile lilipotoka bandarini.

Asiyeweza kununua manne kwa mara moja anunue mawili yanayofanana, na yafungwe nyuma. Swift Sport huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo huisha kwanza na mkono huenda huko. Lakini tairi kipara likiteleza mbele, gari hunyooka na dereva hupunguza mwendo. Likiteleza nyuma, gari hugeuka lenyewe, na madereva wachache huweza kulirudisha.

Lililobaki ni la spea. Swift Sport nyingi kutoka Japani hazina. Chini ya buti kuna chupa ya dawa ya kuzibia na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliochanika. Wala usitegemee kuazima kwa jirani mwenye Swift ya kawaida, kwa sababu rimu yake ina matundu 4 ya nati na yako ina 5. Ukiwa unanunua zile rimu za inchi 16, nunua ya tano.