Pemba na Kaure

(Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohama na wakubwa wa mitaa, Lubumbashi)



Tumekuja na kikombe cha kaure na donge la udongo mweupe. Wengi wanasema kaure ni kitu cha Wachina. Kweli, wao ndio walioanza. Lakini msingi wake ni kaolini, na hiyo tunaijua tangu zamani: ni pemba. Mluba wa Katanga anaiita mpemba, Mluba wa Kasai anaiita lupemba. Wazee walijipaka nayo siku ya furaha. Wachongaji walichonga mwanamke aliyepiga magoti, ameshika bakuli la kuitunzia.

Tunauliza basi: miaka ya 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, wakalala na watoto kwenye stesheni za treni za Likasi na Kolwezi, nani alikumbuka udongo huo? Kati yetu wako waliofukuzwa na waliotazama tu.

Kaure huchomwa kwa joto la digri kama 1,300. Tanuru zetu za kuni hazifiki huko, hatuwadanganyi. Kwa hiyo tunafinyanga udongo mwekundu, kisha tunapaka pemba juu. Chungu kiwe bado na unyevu. Kikikauka mno, pemba inabanduka yote. Tumeharibu vingi kwa haraka yetu.

Leo kila chungu kitashikwa na watu wawili, aliyehama na mwenyeji. Mmoja anazungusha, mwingine anapaka. Maji yako kwenye ndoo ile. Wakubwa pia, tafadhali kunjeni mikono ya shati.